Ottawa ilikuwa na fimbo, sisi tulikuwa na risiti

Februari 2019 nilipanda ndege kutoka Dar kwenda Mwanza kumfuata mteja ambaye yeye ananidai karatasi na mimi namdai pesa. Nilipata kiti cha dirishani, upande ule wa viti viwili. Pembeni yangu akaja kukaa mzee mmoja mwenye koti la kijivu na kofia ya pama, ameikumbatia bahasha ya kaki kana kwamba ina mtoto ndani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, kisha akaanza kupapasa ukuta wa ndege kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani.

"Hii ndiyo Bombadia yenyewe?"

"Hapana mzee, hii ni Airbus. Bombadia ni zile za panga boi."

"Kijana wangu kaniambia ni Bombadia. Yeye anasoma magazeti."

Nikachomoa ile kadi ya usalama kwenye mfuko wa kiti cha mbele nikamwonyesha: Airbus A220-300. Akaisogeza mbali na macho, akaisoma, akanirudishia. "Hata gunia la mchele wa Kyela," akasema, "ndani yake waweza kukuta mchele wa kwingine."

Nikacheka, nikamwona mbishi. Niliporudi Dar nikakaa na simu usiku mmoja kutafuta habari za ndege ile, na tangu hapo mzee yule namdai msamaha, au tuseme yeye ndiye ananidai mimi. Alikuwa sahihi. Ndege ile ilichorwa na kuundwa na Bombardier ya Kanada, ikaitwa CS300, na ilipofika kwetu ilikuwa imeshabadilishwa jina. Kilichoibadilisha jina ni ugomvi wa serikali ya Kanada na kampuni ya Boeing ya Marekani. Nao ugomvi huo ulikuwa unaendelea wakati uleule ndege nyingine ya kwetu ilipokuwa imezuiliwa hukohuko Kanada. Tangu nijue hayo sijatulia.

Niseme kwanza mimi ni nani ili msije mkaniuliza mambo ya injini. Nagomboa mizigo. Ofisi yangu ni chumba kimoja na nusu karibu na Sokoine Drive, na kwa miaka kumi na tisa nimekuwa nikikimbizana na manifesti, storeji, demareji (faini ya kuchelewesha kontena) na watu wanaosema "mfumo uko chini." Kwa hiyo habari ya ndege kuzuiliwa naisoma kama mgomboaji: nani kashika mzigo, nani kashika pesa, na nani amebaki na karatasi tu mkononi.

Tuanze na Kanada.

Aprili 2016 shirika la Delta la Marekani liliagiza kwa Bombardier ndege 75 za CS100, mdogo wake CS300. Kwa Bombardier ilikuwa pumzi ya mwisho kabla ya kuzama. Mradi wa C Series, yaani ukoo wa hizo CS100 na CS300, ulikuwa umechelewa na umekula pesa kupita kiasi, hata mwaka uliotangulia serikali ya jimbo la Quebec ikalazimika kuingiza dola bilioni moja za Marekani ili usife. Mwaka mmoja baada ya Delta kuagiza, Aprili 2017, Boeing ikapeleka malalamiko serikalini kwake Washington. Madai yalikuwa kwamba Bombardier inamuuzia Delta ndege kwa dola milioni 19.6 wakati kuitengeneza kunagharimu milioni 33.2, na kwamba tofauti hiyo inazibwa na ruzuku za serikali. Bombardier ilikataa hesabu hizo. Tarehe 26 Septemba 2017 Wizara ya Biashara ya Marekani ikatangaza ushuru wa awali wa asilimia 219.63 kwa ajili ya ruzuku, na siku kumi baadaye ikaongeza asilimia 79.82 kwa kosa la kuuza chini ya gharama.

Nimeona ushuru mwingi maishani. Nimeona mteja akikaa chini sakafuni baada ya kuona makadirio ya gari lake. Lakini karibu asilimia mia tatu, yaani ununue ndege moja na ulipe ushuru wa ndege tatu, huo hautozwi ili ulipwe. Umewekwa ili mzigo usiingie.

Sasa tazama Kanada ilivyojibu. Novemba 2016, kabla ya ugomvi, serikali ya Justin Trudeau, Waziri Mkuu wao wa wakati huo, ilikuwa imetangaza kwamba itanunua kwa Boeing ndege 18 za kivita aina ya Super Hornet, za kuziba pengo wakati jeshi lao likisubiri ndege mpya. Wamarekani wenyewe walikadiria mauzo hayo kufika zaidi ya dola bilioni tano. Malalamiko ya Boeing yalipokolea, Trudeau hakuandika barua ya masikitiko. Tarehe 18 Septemba 2017, akiwa Ottawa, mji mkuu wao, na mgeni wake Theresa May, Waziri Mkuu wa Uingereza, alisema wazi mbele ya kamera kwamba serikali yake haitafanya biashara na kampuni inayowashitaki na kutaka kuwanyima kazi wafanyakazi wao wa sekta ya ndege.

May naye alikuwa na lake. Mabawa ya C Series yalikuwa yanatengenezwa Belfast, Ireland ya Kaskazini, kwenye kiwanda cha Bombardier chenye wafanyakazi kama elfu nne, na serikali ya May ilikuwa imesimama kwa kushikiliwa na wabunge kumi wa chama cha DUP cha hukohuko. Waziri wake wa Ulinzi, Michael Fallon, akaikumbusha Boeing hadharani kwamba Uingereza nayo ni mteja wake, na kwamba mwenendo huo unaweza kuharibu uhusiano. Uingereza ilikuwa imeagiza kwa Boeing helikopta za Apache na ndege za doria za Poseidon. Maneno ya mtu mwenye oda hayahitaji sauti kubwa.

Ugomvi kama huu ndio unaonivutia, kwa sababu ukiuangalia juujuu ni serikali inagombana na kiwanda, jambo ambalo halina usawa hata kidogo. Serikali ina bendera, jeshi na mabalozi. Kiwanda kina nini? Lakini viwanda vya kutengeneza ndege kubwa za abiria duniani vinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na ukikinunia kimoja unajikuta umepiga foleni kwa mwenzake, ambaye naye anajua kwamba huna pa kwenda. Kwa hiyo hata nchi tajiri hugombana na kiwanda cha ndege kwa jicho moja, jicho la pili liko kwenye oda.

Na hapo ndipo ninapomkumbuka mteja wangu wa vigae.

Mwaka 2014 alileta kontena la vigae kutoka China. Muuzaji alikuwa ameshalipwa yote, nauli ya meli imelipwa, ushuru umelipwa. Nikaenda kuchukua hati ya kuachia mzigo, kampuni ya meli ikanigomea. Kumbe kampuni ya mteja wangu aliisajili pamoja na kaka yake, na yule kaka miaka miwili nyuma alirudisha makontena mengine kwa kuchelewa na demareji hakulipa. Kwenye kompyuta yao mdaiwa ni jina la kampuni, na jina la kampuni ndilo hilohilo lililo kwenye vigae. Mteja akanifokea mimi. Akaifokea kampuni ya meli. Kisha, na hili sijalisahau, akampigia muuzaji China akamfokea naye. Muuzaji akajibu kwa ujumbe wa mstari mmoja: mzigo umeshasafirishwa, asante kwa biashara, na picha ya ua waridi.

Lile ua waridi ndilo nililokumbuka niliposoma habari za ndege yetu ya 2017.

Kwa walio wadogo au waliosahau: Septemba 2016 Rais Magufuli alizindua pale uwanja wa Julius Nyerere ndege mbili za Bombardier Q400, zile za propela zenye abiria 76, ambazo mtaa mzima uliziita panga boi kabla hata hazijapoa injini. Tuliambiwa kwa fahari kwamba tunanunua kwa fedha taslimu, hakuna mkopo. Mwishoni mwa mwaka huohuo ikaagizwa Q400 nyingine na CS300 mbili, bei ya orodha zote tatu ikiwa zaidi ya dola milioni 200. Maana yake Tanzania ilikuwa tayari kwenye foleni ya C Series miezi kadhaa kabla Boeing haijapeleka malalamiko yake. Na wakati huohuo tulikuwa tunanunua Dreamliner kwa Boeing. Hatukuwa na upande. Tulikuwa wateja wa wote wawili, kama mtu anayenunua mkate kwa mangi wa juu na sukari kwa mangi wa chini, na wao ndio wanaorushiana maneno.

Q400 ya tatu ikachelewa. Agosti 2017 Tundu Lissu akawaeleza waandishi wa habari sababu: imezuiliwa Kanada kwa deni linalotajwa kuwa dola milioni 38, linalodaiwa na kampuni ya ujenzi ya Stirling kutokana na mkataba wa barabara ya Wazo Hill hadi Bagamoyo uliovunjwa zamani. Serikali ikakiri kwamba ndege imezuiliwa na ikawalaumu baadhi ya wanasiasa kwa kuhujumu. Yaliyompata Lissu Dodoma mwezi uliofuata mnayajua, na si ya kuchanganya na hesabu za ndege kwenye makala kama hii.

Barabara ya Bagamoyo na ndege ya Toronto vinahusiana vipi? Vinahusiana kama vigae na demareji ya kaka. Ndege zile, ingawa zilipakwa twiga na rangi za ATCL, shirika letu la ndege, mmiliki wake hakuwa ATCL. Zilinunuliwa na Serikali kupitia Wakala wa Ndege za Serikali, ATCL ikakodishiwa. Kwa hiyo jina lililokuwa kwenye karatasi za ndege lilikuwa la mdaiwa yuleyule aliyeshindwa kwenye usuluhishi wa barabara. Mtu mwenye tuzo ya usuluhishi mkononi, yaani uamuzi wa wasuluhishi kwamba alipwe, anaweza kuipeleka kwenye mahakama ya nchi yoyote iliyosaini Mkataba wa New York wa 1958 na kuomba kukazia hukumu kwenye mali ya mdaiwa iliyo pale. Barabara huwezi kuikamata, iko Bagamoyo. Ikulu huwezi. Ndege mpya iliyoegeshwa Kanada, inayong'aa na kusubiri rubani, dalali wa mahakama hahitaji hata kuuliza njia.

Kwa hiyo Septemba 2017 ile, nchi moja, Kanada, ilikuwa na magomvi mawili ya ndege kwa wakati mmoja. Ottawa inaibana Boeing, na Dodoma inaibembeleza Ottawa. Nimejaribu kuyaweka pamoja kama ninavyoweka mafaili mawili mezani, na kinachonijia kila mara ni kwamba Trudeau alikuwa na ndege 18 ambazo hajazilipia. Hiyo ndiyo fimbo. Pesa yake ilikuwa bado mfukoni, Boeing inaiona ikining'inia. Sisi pesa ilishaondoka, tena kwa sherehe, na aliyetuuzia hakuwa na ugomvi nasi hata kidogo. Kiwanda kimetengeneza ndege. Mahakama ndiyo imeizuia, na serikali ya Kanada haiwezi kuipigia simu mahakama. Ukimfokea kila mmoja kwa zamu, kila mmoja anakuelekeza kwa mwenzake, na hakuna hata mmoja anayesema uongo.

Sitaki mseme najidharau, kwa hiyo niongeze hili ambalo nililiona kwa macho yangu. Sisi nasi tunajua kuzuia. Machi mwaka huohuo Magufuli alikuja bandarini kwetu na kusimamisha makontena ya makinikia, ule mchanga wa dhahabu wa kampuni ya migodi ya Acacia uliokuwa unasafirishwa nje kwenda kuyeyushwa. Kamati ya Profesa Mruma ilihesabu makontena 277. Kwa wiki kadhaa bandari kavu za Kurasini hazikuwa na maongezi mengine, na sisi wagomboaji wadogo tulikuwa tunapita kwa pembeni, kila mtu anaogopa mzigo wake usije ukafananishwa. Acacia mwenye hisa nyingi alikuwa Barrick, kampuni ya Toronto. Juni mwenyekiti wake, John Thornton, akapanda ndege mwenyewe kuja Ikulu. Julai Acacia ikapelekewa madai ya kodi ya dola bilioni 190, tarakimu ambayo hata kikokotoo changu cha ofisini hakina nafasi ya kuiandika. Tarehe 19 Oktoba wakatangaza makubaliano, pamoja na ahadi ya dola milioni 300 za kuonyesha nia njema.

Kwa hiyo mwaka ule Tanzania imeshika mchanga wa Wakanada, na huko Kanada imeshikwa ndege ya Watanzania. Tofauti ipo na ni kubwa: kwao ni amri ya mahakama kwa tuzo iliyokwisha kutolewa, kwetu ilikuwa neno la Rais. Kisheria usinilinganishie. Lakini aliyeshika mzigo ndiye aliyetembelewa, hilo bandari nzima inalijua.

Siku tatu kabla ya makubaliano hayo ya Barrick, tarehe 16 Oktoba 2017, Bombardier ikapiga hatua ambayo Boeing nadhani hawakuiota hata usingizini. Iliipa Airbus asilimia 50.01 ya mradi wa C Series. Airbus haikutoa pesa ya kununulia. Ilileta jina lake, mtandao wake wa mauzo, na kiwanda chake cha Mobile, Alabama, ili ndege za Wamarekani ziunganishwe Marekani. Boeing ilitaka kumzuia mdogo asiingie sokoni, ikamsukuma akajifiche nyumbani kwa mkubwa mwenzake. Ndege iliyokuwa inahangaika kupata wanunuzi sasa ina Airbus anayeiuza.

Halafu Januari 2018 ikaja hukumu yenyewe. Tume ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani ilitakiwa kuamua swali moja: je, Boeing imeumizwa au inatishiwa kuumizwa? Makamishna wanne wakapiga kura, wote wanne wakasema hapana. Ushuru wa karibu asilimia mia tatu ukayeyuka bila senti kulipwa. Julai 2018 CS300 ikapewa jina jipya, A220-300. Tarehe 23 Desemba 2018 ya kwanza yetu ikatua Dar, na Tanzania ikawa nchi ya kwanza Afrika kuirusha. Abiria 132. Miezi miwili baadaye mimi na mzee wa kofia ya pama tunabishana ndani yake jina la mama yake.

Q400 ile ya tatu ilikuwa imeshafika tangu Aprili 2018.

Mngefikiri tumejifunza. Agosti 2019 A220 ikazuiliwa Johannesburg, uwanja wa O.R. Tambo, safari hii kwa tuzo ya mkulima mmoja ambaye mali zake zilitaifishwa miaka ya 1980. Alikuwa amelipwa sehemu, salio na riba vikafika dola milioni 33. Mahakama ya Gauteng ikaiachia mwanzoni mwa Septemba. Nilikuwa saluni siku ile taarifa ya habari ilipotangaza, na dada aliyekuwa ananisuka akasema, "Si walipe tu?" Nikamwambia wanasheria wa Serikali wameshinda. Akavuta nywele zangu kwa nguvu zaidi akasema, "Wameshinda, lakini deni limekwenda wapi?"

Jibu lake lilikuja Novemba. Mdai yuleyule, nchi nyingine: Q400 mpya ikazuiliwa Kanada, ikiwa tayari kuja. Profesa Kabudi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, akawatangazia Watanzania na akamwita balozi wa Kanada kumweleza hasira yetu. Niliitazama ile taarifa kwenye runinga nikiwa ofisini, chai mkononi, na nilimwonea huruma waziri, kwa kweli. Kwa sababu nimewahi kukaa kwenye kiti chake. Unamwita mtu ambaye hakushika mzigo, unamfokea kwa niaba ya mtu ambaye alishalipa, kuhusu deni la mtu wa zamani. Balozi anasikiliza kwa adabu. Anaandika. Anaondoka. Na mtengenezaji hata hakuwa yule tena: Juni mwaka ule Bombardier ilikuwa imeshauza biashara ya Q400, kiwanda kikarudia jina lake la kale la De Havilland, ingawa mtaani kwetu hadi leo panga boi zote ni Bombadia.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na rafiki yangu mmoja mwanasheria, ambaye anasema Kanada walitufanyia unafiki, kwamba wao wakiguswa na Boeing wanapiga kelele dunia nzima, sisi tukiguswa kwao wanatuambia mahakama iko huru. Sioni unafiki. Naona watu wawili waliosimama pande tofauti za kaunta. Trudeau alimfokea muuzaji ambaye bado anataka pesa yake. Kabudi alimfokea jirani wa muuzaji. Kama tungekuwa na oda kubwa ambayo haijalipwa, na kama jina kwenye karatasi lingekuwa la shirika lenye madeni yake lenyewe badala ya la Serikali yenye madeni ya kila mtu tangu enzi za kutaifisha, maongezi yangekuwa mengine. Au yasingekuwepo.

Hata hivyo fimbo ya Ottawa nayo isiwatishe sana. Desemba 2017 Kanada kweli ilifuta mpango wa Super Hornet. Badala yake ikatangaza kununua kwa Australia ndege 18 za F-18 zilizotumika. Mtumba! Nchi ya G7 ikaingia sokoni kupekua mtumba kama sisi Karume. Na F-18 hizo zilibuniwa na McDonnell Douglas, kampuni iliyomezwa na Boeing mwaka 1997. Yaani umemsusia mwenye duka, ukaenda kununua kwa jirani shati ambalo lebo yake ni ya dukani kwake. Wakaweka pia sharti kwamba zabuni ya ndege mpya za kivita itapunguza alama za kampuni inayoumiza uchumi wa Kanada, na kila mtu alijua ni nani anayesemwa. Boeing iliondolewa kwenye zabuni hiyo Desemba 2021, na F-35 ikachukua nafasi.

Kisha, tarehe 30 Novemba 2023, serikali ileile ya Trudeau ikatangaza kununua ndege 14 za doria ya baharini aina ya Poseidon, bila kushindanisha zabuni. Poseidon inatengenezwa na Boeing. Aliyelalamika safari hii ni Bombardier, iliyotaka ipewe nafasi ya kushindana.

Nasi hatukuchelewa kurudi. Mwaka 2021 tukapokea Q400 nyingine na A220 mbili zaidi, zote kutoka Kanada ileile tuliyoifokea. Desemba 2022 A220 moja ikazuiliwa Uholanzi ilipokuwa kwenye matengenezo, kwa tuzo ya mradi wa sukari wa Bagamoyo. Bagamoyo tena. Sijui mji ule umeikosea nini sekta ya anga.

Nimrudie mzee wangu. Tulipokaribia kutua siku ile aliniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia. Akafungua bahasha ya kaki: ilikuwa na ankara ya mashine ya kukoboa mpunga kutoka ng'ambo, ambayo alitaka kuifunga kijijini kwake upande wa Sengerema. Nikampa namba yangu. Nikamweleza asilipe yote kwa mkupuo, abakize sehemu ya mwisho mpaka mzigo uonekane. Akasema sawa mwanangu, na ziwa likatokea dirishani na yale mawe ya Mwanza, akanisahau.

Tarehe 14 Desemba 2019 simu ikaita, kelele nyingi nyuma yake, ngoma na vipaza sauti. Ile Q400 ya Novemba ilikuwa imeachiwa, na ilikuwa inapokewa Mwanza, Rais mwenyewe yupo.

"Mwanangu, imetua! Nimeiona kwa macho yangu. Hii ni Bombadia, hii huwezi kunibishia."

"Hii sikubishii mzee. Hongereni."

"Sasa kama ndege imetoka huko mpaka imefika, mashine yangu inakwama wapi?"

Ilikuwa na wiki ya sita bandarini. Muuzaji alikosea uzito kwenye hati na alikuwa hajibu barua pepe zangu wala za mtu mwingine.

"Mzee," nikasema, "ile sehemu ya mwisho uliibakiza?"

Ngoma zikalia kidogo.

"Nilimlipa yote, mwanangu. Alikuwa mtu mzuri sana kwenye simu."